Juisi ya Rangi Tatu na Jicho Jipya la Mama

Mama alipofunguliwa bandeji, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa uso wa daktari, na cha pili kilikuwa uso wangu. Aliniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyotaka, kisha akasema, "Baba, umezeeka."

Mimi si baba yake. Ni mtoto wake wa pili wa kiume, na kwa desturi ya kwetu mtoto wa kiume wa pili hupewa jina la baba wa mama, kwa hivyo tangu nizaliwe Mama huniita baba, hata siku alizokuwa akinichapa. Nina miaka hamsini na miwili. Nafundisha kemia katika shule moja ya upili hapa Nakuru, na nywele zangu zilianza kuota mvi wakati watoto wangu wakiwa shule ya upili. Sasa wote wawili wako chuo. Kila mtu alikuwa na habari za mvi hizo isipokuwa Mama, kwa sababu alikuwa haoni na hakumwambia mtu.

Anaishi Elburgon, peke yake na kuku wake na ng'ombe mmoja. Jirani yake ni rafiki yake tangu siku za kuolewa kwao. Tulijua macho ya Mama yamefifia, tukadhani ni uzee wa kawaida. Halafu Jumamosi moja nilifika bila kupiga simu, nikamkuta uani akimkaribisha mgeni. "Ingia ndani, mbona unasimama kwa baridi?" Mgeni mwenyewe alikuwa koti la mvua lililoanikwa kwenye kamba.

Nilijifanya sijaona. Nilirudi hatua kadhaa, nikakohoa, nikapiga hodi kama mtu aliyefika wakati huo huo. Tulipoketi, nilimtazama akinimiminia chai na kidole gumba chake kikiwa ndani ya kikombe. Kidole hicho nilikuwa nimekiona kwa miaka, nikidhani ni tabia tu ya watu wa zamani. Siku hiyo nilielewa kwamba ndicho kilichokuwa kikimwambia kikombe kimejaa.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wangeanza na la kulia, na baada ya mwezi mmoja wafanye la kushoto. Upasuaji wenyewe ulikuwa mfupi. Nilikaa kwenye benchi nje ya chumba nikitazama simu bila kuiona vizuri, video moja baada ya nyingine, na mojawapo ilikuwa ya msichana fulani akimimina juisi za matunda kwenye glasi ndefu. Juisi hizo zilikaa moja juu ya nyingine bila kuchanganyika, kama blanketi zilizokunjwa kabatini. Niliitazama mara tatu. Kisha wakaniita kwamba Mama ametoka.

Ilikuwa likizo ya Aprili, kwa hivyo nilimleta kwetu, mtaa wa Kiamunyi. Mke wangu ni supavaiza katika shamba moja la maua Naivasha. Siku za kazi hulala huko huko, mtaa wa Karagita, katika chumba alichopanga, na nyumbani hufika Jumamosi jioni. Ina maana kwamba wiki hiyo nyumba ilikuwa na watu wawili tu, mama wa miaka sabini na sita na mwanawe mpishi. Mama hakuufurahia mpango huo. Kila nilipoingia jikoni alijisogeza mlangoni kuhakikisha sijichomi.

Lakini kumzuia ilikuwa lazima. Asiiname, asibebe kitu kizito, asikaribie moshi, maji yasiingie jichoni, na mara nne kwa siku nimtie dawa ya matone. Mtu aliyezoea kuamka saa kumi na moja kukamua, sasa anakaa sebuleni na miwani myeusi kama dereva wa masafa marefu, mikono mapajani. Alichobaki nacho kilikuwa jicho lake jipya, na alilitumia.

"Huu ukuta uliupaka rangi lini?"

"Miaka miwili iliyopita, Mama."

"Na hiyo alama ya mkono pale juu ya swichi, ni ya nani?"

Ilikuwa yangu. Niliifuta. Aliona utando wa buibui kwenye pembe ya dari ambao mimi nilihitaji kupanda kiti ili niuone. Aliona kwamba soksi nilizovaa ni za jozi mbili tofauti. Siku ya pili alisimama kwenye mlango wa bafu akauliza ni lini tulinunua ndoo mpya.

"Ni ile ile ya siku zote," nilimwambia.

"Ile ilikuwa ya kijani."

"Ni buluu, Mama. Imekuwa buluu tangu dukani."

Hakubisha. Aliikaribia, akaigusa ukingo. Kisha akaviangalia vidole vyake juu ya plastiki ile, akageuza kiganja, akakigeuza tena. "Hii mikono," alisema polepole, "sikujua imekuwa hivi." Nilimwambia uji uko tayari, ingawa haukuwa tayari.

Jioni hiyo mke wangu alipiga simu, nikamweleza mambo ya ndoo. Aliuliza kama tumeshapanga siku ya jicho la kushoto. Nilimpa Mama simu aongee mwenyewe.

"Moja linatosha," Mama alimwambia. "Mungu alitupa mawili ili moja likae akiba."

Nilimsikia mke wangu akicheka, kisha akiacha kucheka alipogundua kwamba Mama hatanii.

Sikujua namna ya kumshawishi, na sikutaka kugombana na mgonjwa. Nilichofikiria ni kumpa kitu cha kuangalia kisichokuwa uchafu wa nyumba yangu. Ndipo nikakumbuka ile video. Asubuhi nilienda sokoni nikanunua maembe, tikiti maji na ndimu, pamoja na pasheni chache. Muuzaji alinipimia akaniuliza, "Boss, leo kuna birthday?" Nilimwambia ni ya jicho. Aliniongezea embe moja bila kuuliza zaidi. Dukani nikachukua kichupa cha rangi ya keki, ya buluu.

Jikoni nilisaga maembe kwenye blenda mpaka yakawa mazito kama uji. Nikasaga tikiti, nikalichuja. Ya tatu ilikuwa maji baridi yenye ndimu na tone moja la rangi. Zote tatu nilitia sukari sawasawa, kwa sababu Mama anapenda sukari, nikamimina moja baada ya nyingine kwenye glasi ndefu tulizopewa siku ya harusi na ambazo hatujawahi kuzitumia.

Matokeo yake yalifanana na mto Molo baada ya mvua kubwa. Nilimpelekea hivyo hivyo.

"Hii ni rangi gani?" aliuliza.

"Zilikuwa tatu."

"Zimeenda wapi?"

Alikunywa yote, akasema ni tamu, akarudisha glasi. Lakini mimi niliudhika. Kila mwaka nasimama mbele ya wanafunzi kueleza kwamba kimiminika kizito hukaa chini na chepesi hukaa juu, na kwamba ukiyeyusha sukari ndani ya maji unayafanya mazito. Nimewapa mtihani juu yake. Nimewanyima maksi juu yake. Halafu nyumbani kwangu nimetia sukari sawa kila mahali kama mtu asiyewahi kuingia darasani.

Mara ya pili nilitia sukari nyingi kwenye maembe, kidogo kwenye tikiti, na kwenye maji ya ndimu sikutia hata chembe. Tikiti nililiweka kwenye freeza mpaka likaanza kushikana. Maembe yalitulia vizuri chini ya glasi. Nilipomimina tikiti juu yake, likatoboa katikati na kuzama mpaka chini, rangi zikaanza kuchanganyika.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na miwani yake.

"Unamwaga kama mtu anayezima moto," alisema. "Lete kijiko."

"Daktari alisema upumzike."

"Daktari alisema nisiiname. Nitamwaga nikiwa wima."

Nilimpa kijiko. Alitwaa glasi nyingine niliyokuwa nimeitia maembe, akakigeuza kijiko mgongo juu, akakiegemeza kwenye ukuta wa glasi, akaliacha tikiti litiririke juu ya mgongo huo polepole. Alisema ndivyo walivyokuwa wakiongeza maziwa kwenye kibuyu bila kuvuruga malai yaliyopanda. Mimi sikuwa nasikiliza sana. Nilikuwa naangalia mkono wake wa kushoto ulioishika glasi. Vidole vyote vitano vilikuwa nje. Alikuwa anamimina kwa kuangalia, na alipofika alipotaka, akaacha.

Tukamaliza na yale maji ya buluu, kwa kijiko kile kile. Chini kulikuwa na rangi ya machungwa, katikati wekundu wa tikiti, na juu buluu. Buluu na wekundu vilipokutana kulitokea ukanda mwembamba wa zambarau ambao hatukuupanga. Nilitia mbegu za pasheni juu, zikaelea. Nilinyoosha mkono niichukue glasi nimpelekee sebuleni.

"Ngoja," alisema. "Bado naangalia."

Aliangalia mpaka barafu ya tikiti ikaanza kuyeyuka. Baadaye tulitengeneza nyingine mbili, na siku iliyofuata nne. Akawa hataki mimi nimimine kabisa. Kazi yangu ilikuwa kusaga, kuchuja na kuosha blenda.

Jumamosi jioni mke wangu alifika na mfuko wa nyama choma aliyonunua njiani, Kikopey, na furushi la waridi zilizokataliwa na wanunuzi kwa sababu mashina ni mafupi. Alikuwa amejiandaa kuongea na Mama kuhusu jicho la kushoto. Hakupata nafasi. Mama alimketisha, akamwekea glasi mbele, akamwambia asiiguse kwanza.

"Mama, umejifunza wapi haya?" aliuliza mke wangu.

"Mume wako alishindwa," Mama alisema, na kwake hilo lilikuwa jibu tosha.

Siku ya pili yake, Jumapili baada ya ibada, walikuja akina mama wanne wa kanisa lao la Elburgon kumwona mgonjwa. Walileta unga, sukari, mayai yaliyofungwa kwa gazeti, na kuku aliye hai, ambaye tulimfungia nyuma ya nyumba. Aliyewaongoza ni mwenyekiti wa kikundi, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha kwaya. Wa mwisho kuingia alikuwa yule rafiki ya Mama, jirani yake. Aliingia ameshika kiwiko cha mwenzake, akakaa kwenye kiti cha pembeni, mgongo kwa dirisha.

Baada ya maombi na chakula, Mama alimpa mke wangu ishara. Tulileta glasi sita kwenye trei. Zilikuwa zimetokea vizuri kuliko siku zote. Hata mimi niliona fahari, ingawa mchango wangu ulikuwa wa blenda.

Mwenyekiti aliinua ya kwake, akainusa. "Mwalimu, hii haina kitu ndani?"

"Ni matunda tu, mama. Na ndimu."

"Nauliza tu. Siku hizi vitu vinakuja na rangi nzuri." Kisha akachukua kijiko cha chai kilichokuwa mezani, akakitumbukiza mpaka chini na kukoroga kwa nguvu kama mtu anayetafuta sukari. Rangi tatu zikawa moja. Wawili waliokuwa karibu naye, wakidhani ndio utaratibu, wakakoroga pia. Mama alifumba jicho lake jipya kwa sekunde moja, kama mtu aliyepigwa na jua. Mke wangu alikimbilia jikoni, nikasikia akicheka ndani ya taulo.

Rafiki ya Mama peke yake hakukoroga. Glasi yake ilikuwa nzima, rangi zote mahali pake. Alionja kidogo, akaiweka mezani kwa uangalifu, na kabla mkono haujaiachia glasi kidole chake kilitangulia kupapasa meza.

"Asante, mwalimu," alisema. "Uji wa wimbi wenye ndimu, ukiwa baridi hivi, ni mzuri sana."

Mwenyekiti alidhani ni utani, akacheka, akaendelea na habari za harambee ya paa la kanisa. Lakini Mama hakucheka. Nilimwona akiinua kiganja, akalifunika jicho lake la kulia, akaitazama glasi ile kwa jicho la kushoto. Akakishusha kiganja. Akakiinua tena.

Alingoja mpaka wengine walipotoka kwenda kuangalia mboga za mke wangu nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa nakusanya vyombo, na hakuna aliyeniambia niondoke.

"Wewe," Mama alimwambia rafiki yake. "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mtoto. Hiyo si uji. Chini ni embe, katikati tikiti, juu ni buluu ya anga."

Rafiki yake alivuta leso yake mabegani. "Na wewe," alisema mwishowe, "ulikuwa huoni tangu lini?"

"Miaka minne. Labda mitano."

"Basi tulianza pamoja."

Nilisimama na trei mkononi. Wawili hawa huenda kanisani kila Jumapili kwa miguu, wameshikana mikono, kwenye njia yenye mitaro na mashimo. Sote tulikuwa tukiwasifu kwa urafiki wao.

"Mimi nilikushika wewe kwa sababu nilidhani unaona," alisema Mama.

"Na mimi nilikufuata wewe kwa sababu hiyo hiyo."

Walianza kucheka taratibu, mabega yakitikisika, mpaka Mama akakumbuka kwamba hajui kama kucheka kunaruhusiwa na jicho. Akaniuliza. Nilimwambia kunaruhusiwa.

"Twende ukafanyiwe," Mama alimwambia alipotulia.

"Siwezi. Wanalitoa jicho, wanaliweka kwenye sahani, wanaliosha, ndipo wanalirudisha."

"Nani alikuambia upuuzi huo?"

"Wewe. Mwaka jana, tukichambua maharagwe."

Mama alivua miwani yake, akaiweka mapajani. "Halitolewi," alisema. "Unalala tu. Unaona mwanga. Niliogopa, sitakudanganya. Nilimkamata nesi mkono mpaka akaniambia mama, huo mkono nauhitaji." Aliikunja miwani. "Na hili la pili ninaliogopa kuliko la kwanza, kwa sababu sasa najua."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akikiri kwamba anaogopa kitu chochote.

"Ukienda, nitaenda," alisema rafiki yake. "Usipoenda, tutabaki hivi hivi. Sasa angalau mmoja wetu anaona mtaro."

Mama alimgeukia mwanawe mwenye trei. "Baba, mpigie daktari."

"Leo ni Jumapili, Mama."

"Kesho basi. Mwambie ni watu wawili."

Walikwenda siku moja, mwezi wa Mei. Niliomba ruhusa shuleni. Waliingia chumbani wameshikana mikono kama wanavyokwenda kanisani, na nesi alilazimika kuwatenganisha, Mama kwa jicho lake la kushoto na mwenzake kwa la kulia. Usiku huo walilala kwetu, kwenye chumba cha watoto, vitanda viwili. Niliwasikia wakiongea kwa sauti ndogo mpaka nikapitiwa na usingizi.

Asubuhi tulirudi hospitali, rafiki ya Mama akafunguliwa jicho. Aliomba kioo. Alijitazama, akakirudisha, kisha akaomba kitana. Nesi alimletea, naye akachana nywele zake taratibu kuanzia mbele kwenda nyuma, huku sote tukingoja.

Walikaa wiki nzima. Mke wangu alipata ruhusa ya siku mbili akaja kusaidia, na ikawa heri, maana mimi peke yangu nisingewaweza. Waligombania nani atamimina juisi. Rafiki yake alitaka kuweka parachichi katikati, Mama akasema parachichi ni la mkate, na kwa siku mbili kulikuwa na aina mbili za glasi kwenye friji yangu, kila moja na kambi yake. Ile ya parachichi ilikuwa nzuri zaidi. Sikumwambia Mama.

Siku ya kuwarudisha nyumbani niliwapakia kwenye kigari changu, wote wawili kiti cha nyuma, miwani myeusi usoni. Tulipopita Njoro, Mama alisoma kibao kimoja kwa sauti. Kilikuwa cha bucha. Rafiki yake akasoma kilichofuata, cha kinyozi. Baada ya hapo hawakuacha hata kimoja: duka la dawa, shule ya chekechea, fundi wa viatu, kanisa, kanisa jingine, mbolea inauzwa hapa, usikojoe hapa. Walipokosana kuhusu neno fulani, waligeuka wote wawili kutazama nyuma, mmoja akidai limeandikwa hivi na mwingine vile. Mama alisema nirudi wakahakikishe. Sikurudi, kwa sababu kulikuwa na lori nyuma yetu, lakini kuanzia hapo mpaka Elburgon niliendesha polepole.